Sauti za taarab kwenye biti mpya: ruhusa yaombwa nyumba gani?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilipanda tuktuk kutoka Kongowea kuelekea Bombolulu. Dereva, kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa amefunga spika mbili zilizokaribia kuishinda tuktuk yenyewe kwa ukubwa. Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa wa kisasa: besi nzito, kijana akichana mistari ya pesa na wasichana, na kila baada ya mistari minne ikaja sauti ya mwanamke wa makamo, nyembamba, imekwaruza kidogo kama kanda iliyoachwa juani. Ilivuta neno moja, ikakatwa. Ikarudi, ikakatwa tena. Shangazi yangu, niliyekuwa nikimpeleka kwa daktari wa macho, alinishika mkono. "Nyamaza nisikize," akaniambia, nami sikuwa nimesema lolote. Tulipofika alishuka taratibu, akamgeukia dereva: "Mwanangu, nani alompa ruhusa huyu?" Dereva alidhani anaulizwa jina la msanii. Akalitaja la yule anayechana.

Sauti ile ilikuwa ya somo yake shangazi. Amefariki yapata miaka kumi na miwili sasa. Hakuwahi kuingia studio hata siku moja maishani mwake. Aliimba harusini, ndani, mbele ya wanawake wenzake, na kuna mtu aliyeweka redio kaseti chini ya kiti.

Nitarudi kwake. Kwanza tuliangalie jambo lenyewe, kwa sababu si la tuktuk moja.

Vijana wa studio hulitaja kwa neno kusampo. Unakata kipande cha wimbo uliokwisha kurekodiwa na mtu mwingine, sekunde tatu au thelathini, unakizungusha, unakipunguza mwendo au kukiongeza, halafu unajenga wimbo wako juu yake. Hip-hop ya Marekani ilikulia humo, madijei wakizungusha santuri za wazazi wao. Kwetu jambo hili lilichelewa kwa sababu ya ufundi tu. Zamani ukiitaka sauti ya mwimbaji wa taarab ilikujia na mzigo wake wote: fidla, akodian, dumbaki, taishokoto na vigelegele vya waliohudhuria. Hukuweza kuitenga. Siku hizi kuna programu za kompyuta, nyingine za bure, zinazotenganisha sauti na ala kwa dakika chache. Kanda iliyolala sandukuni tangu 1983 inageuka malighafi kabla chai haijapoa.

Na kanda zimetoka sandukuni. Watu wenye nia njema wamezipakia kwenye YouTube na kuzisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ili zisipotee. Mimi mwenyewe ni mmoja wao. Kanda za marehemu baba, zilizokuwa zimeanza kushika ukungu, nilizigeuza faili miaka michache iliyopita na kuzigawa kwa kila aliyeomba. Sikuwauliza walioimba ndani yake. Hata haikunijia akilini kuwa ni jambo la kuuliza.

Tuanze na sheria, maana wengi huamini kuwa wimbo wa kitambo hauna mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haiuoni wimbo kama kitu kimoja. Yauona kama vitu vitatu vilivyofungwa ndani ya leso moja. Kuna maneno na lahani, ambavyo ni vya aliyetunga, au vya waliotunga ikiwa mshairi ni mmoja na mwenye lahani ni mwingine. Hivyo hulindwa maisha yote ya mtunzi, na miaka 50 zaidi tangu mwisho wa mwaka aliofariki. Kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa kwenye santuri au kanda, ambayo hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Na kuna haki ya mwimbaji na wapigaji kwa kule kuimba na kupiga kwao. Anayekata kipande cha wimbo anagusa vyote vitatu kwa mkasi mmoja. Leseni ile ya kucheza muziki hotelini au matatuni haimsaidii hapo. Hiyo ni ruhusa ya kupiga wimbo watu wausikie, haimpi mtu ruhusa ya kuukata na kuushonea wake.

Sasa tupige hesabu. Mwaka 2005 kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique, katika mfululizo wake wa Zanzibara, ilitoa CD ya taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975 na kuiita miaka ya dhahabu. Kwa hesabu ya miaka 50, rekodi ya 1965 ulinzi wake ulikwisha mwisho wa 2015, na ya 1970 mwisho wa 2020. Miaka yetu ya dhahabu, ikihesabiwa kama rekodi, yatoka mikononi mwa wenyewe mmoja baada ya mwingine. Lakini utunzi bado una mwenyewe. Juma Bhalo alifariki Aprili 2014. Alichokitunga yeye kinalindwa hadi mwisho wa 2064, hata santuri aliyokiimbia iwe kongwe kiasi gani. Na katika nyimbo zake nyingi maneno yalikuwa ya Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita, kwa hivyo hapo pana nyumba ya pili ya kupigwa hodi. Kijana anayesema wimbo wa zamani ni wa bure huenda amepatia kuhusu kanda na amekosea kuhusu shairi.

Upande wa pili yupo Siti binti Saad. Alirekodi Bombay mwaka 1928 kwa kampuni ya HMV, akafariki 1950. Kwa hesabu za Kenya hakuna kilichobaki cha kulindwa, si sauti wala utunzi wake. Basi yafaa kumkata Siti na kumtia kwenye tangazo la kamari? Kwa hesabu ya miaka, yafaa. Na nadhani kila anayesoma hapa roho yake imekwisha kukataa. Kwa hivyo kuna jambo jingine tunalolidai kwa marehemu, ambalo miaka 50 haiwezi kulipima.

Jambo hilo liliwahi kufikishwa mahakamani, na waliohusika si wageni masikioni mwetu. Watu wa rika la baba wamjua Abdel Halim Hafez kama wanavyomjua jirani. Mwaka 1957, katika filamu Fata Ahlami, aliimba "Khosara Khosara", wimbo uliotiwa lahani na Baligh Hamdi. Mwishoni mwa 1999 mwanamuziki wa Marekani Jay-Z alitoa "Big Pimpin'", biti ikiwa ya Timbaland, na utangulizi wake ule wa filimbi unaoushika mwili tangu sekunde ya kwanza ni lahani ya Baligh. Timbaland alieleza kuwa alidhani muziki ule hauna mwenyewe. Alipotokea aliyedai, mwaka 2001 zikalipwa dola 100,000 kwa kampuni ya EMI Arabia iliyoshika haki za kibiashara. Wengi wangesema kesi imekwisha hapo: pesa imelipwa, mwenye haki kapokea.

Osama Fahmy, mtoto wa ndugu yake Baligh, hakuona hivyo. Mwaka 2007 alifungua kesi Marekani. Maneno ya Jay-Z ni ya mwanamume kujisifu jinsi anavyowatumia wanawake na kuwatupa, na mawakili wa Fahmy walisema kuweka lahani ya Baligh chini ya maneno hayo ni kuiharibu, na kwamba sheria ya Misri humpa mtunzi na warithi wake haki za kimaadili ambazo haziuziki. Unaweza kuuza wimbo na bado ukabaki na haki ya kusema hapana, hivi hauchezwi. Kesi ilichukua miaka minane kufikia majaji wa baraza huko Los Angeles, Jay-Z na Timbaland wakaja kutoa ushahidi. Mwezi Oktoba 2015 jaji aliitupa kabla baraza halijaamua, kwa kuwa Fahmy alikwisha kuzihamisha haki zake za kibiashara na hakuwa na msimamo wa kushtaki. Mahakama ya rufaa ilikubaliana naye 2018. Zile haki za kimaadili za Misri hazikufua dafu katika mahakama ya Marekani.

Hili latuhusu nini Mombasa? Ni kwamba sheria yetu, kwa jambo hili, iko karibu na ya Misri kuliko ya Marekani. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Hakimiliki champa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga, na haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe wala kukatwakatwa kwa namna inayomshushia heshima. Haki hizo hawezi kuzihamisha akiwa hai, na akifariki hupita kwa wasia au kwa urithi. Kwa maneno mengine, mzee aliyeuza nyimbo zake zote kwa mwenye duka kwa bei ya gunia la mchele (na wapo) hakuuza heshima yake, na watoto wake wanaweza kusimama na kusema hapana. Nimezungumza na familia nne za waimbaji na washairi wa mji huu katika kuandaa makala haya. Hakuna hata moja iliyolijua hilo. Zote nne zilikuwa zikisubiri mirabaha, ambayo huenda isije kamwe, na hazikujua kuwa zina kitu kingine mkononi.

Sasa nijikwae mwenyewe kabla msomaji hajanikwaza. Kuna mzee mmoja, mpenzi mkubwa wa taarab, niliyemweleza haya yote barazani, akacheka. "Na sisi tulimuuliza nani?" akaniambia. "Bhalo alipochukua lahani za Bombay alipeleka barua?"

Ni kweli, na haifai kulipita haraka. Taarab ya Mombasa imelelewa na sinema. Filamu ya Kihindi ilipoonyeshwa Regal au Naaz, haikuchukua muda lahani yake ikasikika harusini kwa maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo alisifika kwa hilo hasa, na alilifanya kwa ustadi uliowafanya watu waamini lahani zile zilizaliwa Kuze. Watunzi wa India hawakupata senti yetu wala kutajwa majina. Zaidi ya hapo, India wenyewe wamekatwa kama Baligh: mwaka 2002 mwimbaji wa Marekani Truth Hurts alitoa "Addictive", na ndani yake ikazungushwa sauti ya Lata Mangeshkar kutoka wimbo wa filamu ya 1981 uliotiwa lahani na Bappi Lahiri. Mahakama ya Los Angeles baadaye iliamuru albamu isiuzwe mpaka jina la Lahiri litiwe. Alidai jina, akalipata. Sisi majina hayo hatukuwahi kuyaweka kwenye kanda zetu, na mahakama haikutuita.

Kwa hivyo deni tunalo. Hata hivyo naona kuna tofauti, na sidhani ni hoja ya kujitetea tu. Bhalo alichukua lahani, halafu akaiimba kwa koo lake. Maneno yalikuwa ya mshairi wa Mvita, matamshi ya Mvita, pumzi yake, na jina lake mbele ya watu. Aliyesikia alijua ni nani anayesema naye. Lata hakuwahi kusikika katika kanda ya Bhalo akisema jambo asilolisema. Kusampo sauti ni jambo la namna nyingine. Anayetumiwa ni mtu mwenyewe, kwa koo lake, akiwa hawezi kujibu, na anawekwa katika mazungumzo ambayo hakuyaingia. Kukata filimbi au dumbaki kuko katikati ya mambo hayo mawili, na sina haja ya kujifanya naujua mpaka ulipo kwa inchi. Lakini mtu anayeimba upya lahani ya marehemu na anayemkata marehemu koo wako mbalimbali, na lugha yetu yalijua hilo: aliyeiga huitwa mwigaji, na mwigaji hajawahi kuwa mwizi.

Taarab tena ina jambo linaloifanya iwe ngumu zaidi kukatwa kuliko muziki mwingine. Nyimbo nyingi ni barua. Mtu alikuwa na lake, akamwendea mshairi, mshairi akalifumba, mwimbaji akalifikisha, na aliyekusudiwa akajua. Wapo waliojibiwa kwa wimbo mwingine wiki ya pili. Ukikata neno moja la ubeti wa tatu ukaliweka juu ya biti, fumbo limevunjika, na huenda umelielekeza kwa mtu mwingine kabisa. Nimesikia wimbo wa kumliwaza mama aliyefiwa ukizungushwa katika muziki wa klabu, neno lililokuwa la kumwambia asilie likageuka la kumwambia msichana asitoke kitandani. Prodyuza hakukusudia ubaya. Hakuwa na beti nyingine tano za kumweleza.

Kuhusu mambo ya dini sitakaa sana kwa sababu naamini tumeafikiana. Oktoba 2020 Rihanna alilazimika kuomba radhi kwa Waislamu baada ya maonyesho yake ya nguo za ndani kutumia wimbo "Doom" wa Coucou Chloe, ambao ndani yake mlikuwa na hadithi ya Mtume iliyokatwa na kuzungushwa. Mwenye wimbo alisema hakujua maneno yale ni nini. Nataka msomaji akishike hicho tu: hakujua. Alipenda mlio, hakuuliza maana. Nasi tuna kasida na maulidi zilizorekodiwa miaka na miaka, zimejaa mtandaoni, na mlio wake ni mtamu kwa asiyejua.

Ngoma za pamoja nazo, chakacha, lelemama, vugo, zina sheria yake tofauti. Hapo hakuna mtunzi mmoja wa kumtafuta. Katiba, kifungu cha 11, ililitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinafidiwa au kupata mirabaha utamaduni wao unapotumiwa, na 2016 ikapatikana Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Usemi wa Kitamaduni. Inazipa serikali za kaunti kazi ya kusajili vitu hivi. Hapo ndipo palipo na swali la kuwauliza wawakilishi wetu wa wadi wanapokuja kuomba kura: sajili ya kaunti yetu iko chumba gani, na chakacha imeandikwa kwa jina la nani? Mijadala ya utamaduni katika kaunti zetu za Pwani huishia kwenye tamasha, mahema na fulana. Daftari halipigwi picha, kwa hivyo hakuna anayelikimbilia.

Turudi ndani, kwenye redio kaseti iliyowekwa chini ya kiti.

Zile kanda za harusi za wanawake ndizo zinazonikosesha usingizi. Msomaji wa umri wangu akumbuka. Wanawake walikuwa na shughuli zao, milango imefungwa, mabuibui yamevuliwa, mwimbaji akiimba kwa wanaomjua. Alisema mambo ambayo hangeyasema ukumbini mbele ya wanaume. Kanda zikatoka, zikapita mkono kwa mkono, na kila nyumba ikawa na nakala ya nakala. Zilikuwa siri ya mtaa mzima, kama siri nyingi za mtaa. Sheria ukiiuliza nani mwenye kanda hiyo, jibu lake ni la kuchekesha na kuliza: kwa tafsiri yake, mwenye rekodi ni aliyefanya mipango ya kurekodi. Yaani yule aliyebonyeza kitufe chini ya kiti yumkini ndiye mwenye mali. Mwimbaji, kwa sheria ya sasa, anayo haki ya kutorekodiwa bila idhini, lakini ni nani atakayethibitisha leo kilichosemwa ukumbi wa mwaka 1985, na waliokuwamo nusu yao wako makaburini?

Hapa sina budi kuwapa vijana haki yao, maana niliwatafuta na walinipokea vizuri. Hoja yao ya kwanza ni kwamba hakuna wa kumuuliza. Kanda haina jina, au ina jina la utani tu. Duka lililoirekodi limekuwa duka la simu. Hoja ya pili ni kwamba muziki wao haulipi, na wakili anakula zaidi ya wimbo utakavyoingiza. Ya tatu ndiyo yenye uzito kwangu: wao ndio wanaoufanya muziki huu usikike. Mmoja alinikumbusha "Salome" ya Diamond na Rayvanny, 2016, iliyojengwa juu ya wimbo wa Saida Karoli. Watoto waliozaliwa baada ya Saida kuvuma wakamjua, jina lake likarudi midomoni, na mwaka uliofuata akatoa wimbo mpya. "Nyinyi mwatuambia tusiguse," aliniambia kijana huyo, "na wakati huohuo mwalalamika kuwa hatusikizi taarab." Sikuwa na jibu la haraka. Ila ule mfano wake mwenyewe unasema jambo: Saida alikuwa hai, jina lake likatajwa, na wimbo uliimbwa upya.

Na wa kuulizwa, kwa kweli, yupo mara nyingi kuliko wanavyodhani. Mji wetu si mkubwa. Ukiingia Mji wa Kale na simu yako ukamchezea mzee yeyote wa barazani sekunde kumi za wimbo, hutafika mtaa wa tatu kabla hujaambiwa ni nani, mtoto wa nani, aliolewa wapi na nani amebaki. Nimefanya hivyo na nyimbo tano. Nne zilipatiwa wenyewe kabla ya adhuhuri. Wazee hao hawatakaa milele. Watu wa Makavazi ya Kitaifa walioko Fort Jesus, na taasisi yao ya utafiti wa Kiswahili, wangeweza kulifanya hili kwa daftari na simu moja: wimbo, mwimbaji, mshairi, mwenye lahani, aliye hai wa kuulizwa. Prodyuza mwenye nia njema angekuwa na pa kuanzia.

Mambo haya huwezekana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Bonde la Ufa, na mmoja wao, "Chemirocha", ukazunguka dunia nzima huku kijiji kilikotoka kikiwa hakina nakala. Mwaka 2015 hifadhi ya muziki wa Kiafrika iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kwa kushirikiana na watu wa hapa Kenya, ilirudisha rekodi hizo kwa wenyewe. Miaka 65 imepita, na bado waliwatafuta. Sisi twazungumza kanda za majirani.

Sasa, yule kijana wa wimbo wa kwenye tuktuk. Sikupata shida kumpata. Ni wa Kisauni, ana miaka kumi na tisa, hutengeneza biti chumbani kwa kaka yake. Kanda aliipata katika vitu vya nyanyake alipofariki, mfuko mzima wa Rambo, nyingine zimekatika. Alipenda jinsi sauti ile ilivyokwaruza. Alipojua ni ya mtu anayejulikana alinyamaza sana. Nikamwambia marehemu ana binti yake, yuko Likoni. Akasema tutakwenda lini.

Tulikwenda watatu, pamoja na shangazi. Binti alikwisha kuusikia wimbo. Aliusikia harusini, dijei akaupiga wakati wa kula, na alitoka nje akasimama kwenye maegesho mpaka ukaisha. Kijana akamweleza yuko tayari kugawana naye chochote kitakachoingia, na kuliweka jina la mamake. Bi huyo alimsikiza mpaka mwisho, akamtilia chai. Kisha akasema mamake alipotoka Hijja aliacha kuimba. Aliwaomba watu hata kanda zake wasizicheze, na wengi walimwitikia. Hakuwa na ugomvi na muziki, alisema, bali alikuwa na ahadi aliyoitoa, na ahadi hiyo haiwezi kuvunjwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Pesa hakutaka. Jina ndilo hakulitaka kabisa.

Hakuna kifungu cha sheria ninachokijua kinachotaja mtu aliyetubia uimbaji wake.

Kijana ameitoa sauti. Amebakisha dumbaki na vigelegele, ambavyo binti alisema havina neno. Wimbo umepoteza utamu, na yeye mwenyewe akiri. Ule wa kwanza ameuondoa mtandaoni, ingawa umo ndani ya simu za watu na bila shaka ndani ya ile tuktuk, na hilo halina dawa. Tulipokuwa twaaga, bi yule alimrudisha kijana mlangoni. Akamuuliza kama kanda ile bado anayo, yote, pande zote mbili. Nyumbani kwao ziliharibika mafuriko yalipoingia, na yeye sauti ya mamake hajaisikia nzima tangu azikwe. Jumatatu kijana alipanda feri na flashi mfukoni.